Ramisi Ndani ya Kisanduku: Historia ya Kumpasha Chatu Joto Katika Nchi za Baridi

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kando hifadhidata na lugha za programu. Leo tunazungumza juu ya nyoka. Usikimbie! Ukifika mwisho utaona kwamba muda wote tulikuwa tukizungumza juu ya kompyuta.

Swali lenyewe ni hili. Huko Uswidi, Kanada, Uingereza na majimbo ya kaskazini ya Marekani, wako watu wengi wanaofuga chatu ndani ya nyumba kama sisi tunavyofuga paka. Nje theluji imefika magotini. Ndani, kwenye kisanduku cha mbao chenye kioo mbele, amejikunja mnyama ambaye asili yake ni Afrika au Asia ya joto. Ataishi vipi? Nani anampa joto, kwa kiasi gani, na nani anahakikisha kwamba halizidi?

Kwa mtu wa Ramisi swali hili linachekesha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mtu wa pwani ya kusini hamjui nyoka anayekufa kwa baridi. Shida yetu huku ni kumzuia chatu asimeze mbuzi, sembuse kumtafutia hita!

Lakini swali hilo limewashughulisha watu kwa karibu miaka 200: watunza wanyama, wahandisi, walimu wa shule, hata waliokuwa wakiunda mitambo ya kuendesha meli. Jibu zuri lilichelewa kwa sababu moja. Kila aliyelishika alidhani kwamba chatu anahitaji joto. Kumbe chatu anahitaji nafasi ya kuchagua joto. Sentensi hizo mbili zinafanana, lakini aliyeshika ya kwanza peke yake aliua nyoka wengi.

Mashine iitwayo Ramisi

Tuanze nyumbani. Ukitoka Ukunda kuelekea mpaka wa Lunga Lunga unapita Msambweni, kisha unafika Ramisi, penye mto ambao maji yake yanaishia kwenye mikoko ya ghuba ya Funzi. Kiwanda cha sukari kilianzishwa hapa mwaka 1927, kikafungwa mwaka 1988, na miwa ikarudi baada ya kampuni ya KISCOL kukodishiwa ardhi ile mwaka 2007. Penye miwa pana panya na ndezi, na penye panya na ndezi chatu hayuko mbali.

Hebu mtazame chatu huyu kwa jicho la mwandishi wa programu. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha kumwendesha, kama wako na wangu. Joto lake ni la kuazima. Asubuhi anatoka shimoni, pengine shimo lililochimbwa na muhanga, au anatoka kwenye kichuguu kilichobomoka, akajitandaza juani. Akishapata la kutosha anaingia kivulini. Saa sita mchanga ukiwaka, anarudi shimoni au anajitosa mtoni na kuacha pua tu juu ya maji. Akiwa amemeza mnyama anatafuta mahali penye joto zaidi, maana bila joto chakula hakisagiki tumboni. Usiku ardhi bado inarudisha joto la mchana. Hata wakati wa kipupwe, Julai na Agosti, usiku wa Ramisi hauteremki sana chini ya nyuzi 20 za Selsiasi.

Kwa hiyo ndani ya eneo dogo tu chatu ana joto la kila namna: mchanga wa juani, nyasi za kivulini, majani makavu ya miwa yaliyorundikana, udongo wa shimoni, maji ya mtoni. Hakuna anayempimia. Kipima joto ni mwili wake, na swichi ni tumbo lake linalotambaa kutoka hapa hadi pale. Sisi tungeandika msimbo mrefu kuyafanya hayo. Yeye anayafanya bila betri.

Sasa mchukue umpeleke London mwezi wa Januari, na Ramisi yote ibaki nyuma. Utampa nini badala yake?

Blanketi

Jibu la kwanza lilikuwa blanketi. Usicheke, nisikilize kwanza.

Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba maalum ya nyoka, mijusi na jamaa zao, ya kwanza ya aina hiyo duniani. Kabla ya hapo nyoka wakubwa walikuwa wakizungushwa mijini na watu wa maonyesho, ndani ya masanduku, na desturi ilikuwa kuwafunika kwa blanketi la sufu. Ilikuwa huruma ya kweli: wewe unahisi baridi, unajifunika, basi na nyoka naye afunikwe.

Tatizo ni kwamba blanketi halina joto lake. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoroke. Sasa kama mwili wenyewe hautengenezi joto, blanketi litazuia nini? Kumfunika nyoka baridi ni kama kulifunika jiwe. Labda uweke maji ya moto chini ya sanduku, ndipo blanketi litafanya kazi, kwa saa chache, hadi maji yapoe.

Mwaka 1851 boa mmoja pale London alilimeza blanketi lake zima. Alikaa nalo tumboni zaidi ya mwezi, kisha akalitapika. Huenda huo ndio uliokuwa mchango wake katika mjadala.

Baridi haimuui chatu mara moja, na hapo ndipo ilipowadanganya watu. Kwanza anagoma kula. Akila, chakula kinaoza tumboni kabla ya kusagika, naye anakitapika. Kisha mapafu yanaingia maradhi, kamasi linatoka mdomoni, na kinga ya mwili, ambayo nayo inategemea joto, imeshalala. Mpaka mtunzaji anaona dalili, mambo yalikwisha haribika wiki nyingi nyuma. Wenzangu wa programu mnalijua kosa la namna hii: halitoi onyo siku linapotokea, linajionyesha mwezi mmoja baadaye mahali pengine kabisa.

Mama chatu anatoa somo

Wakati wanadamu wanahangaika na mablanketi, chatu mwenyewe alikuwa na ufundi wake. Mfaransa mmoja aliyesafiri India, Lamarre-Picquot, alirudi Paris katika miaka ya 1830 akawaambia wataalamu kwamba chatu jike wa kule huzingira mayai yake na kuyaatamia kama kuku, na kwamba mwili wake huwa na joto. Wataalamu walimtilia shaka. Nyoka ana damu baridi, atamwatamia nani?

Basi mwaka 1841 chatu wa Asia akataga mayai katika bustani ya Jardin des Plantes, hapo hapo Paris, mbele ya macho yao. Mtaalamu Achille Valenciennes akapenyeza vipima joto katikati ya mikunjo ya nyoka yule. Vikasoma zaidi ya nyuzi 40, juu sana kuliko hewa iliyomzunguka. Baadhi ya mayai yakaanguliwa. Mwaka 1862 chatu wa Afrika, kutoka upande wa magharibi wa bara letu, alitaga mayai karibu 100 pale London. Watu wakakimbilia vipima joto tena, wakakuta jike ana joto kumzidi dume. Lakini mayai yale hayakuanguliwa.

Maelezo kamili yalichukua zaidi ya miaka 100. Mwaka 1966 wanasayansi watatu wa Marekani, Hutchison, Dowling na Vinegar, walichapisha vipimo vya chatu wa India aliyekuwa akiatamia New York. Chatu yule alikuwa akitetemesha misuli yake mara kwa mara, kama mtu anayetetemeka kwa baridi, na kazi hiyo ya misuli ndiyo iliyotoa joto. Kadiri chumba kilivyopoa ndivyo alivyozidi kutetemeka. Hiyo ni themostati kamili: kihisi kinapima, hita inajibu.

Chatu wetu wa Afrika anatumia mbinu nyingine, na hii ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mwaka 2018 mtafiti Graham Alexander wa Afrika Kusini alichapisha matokeo ya kuwafuatilia chatu wa kusini mwa Afrika kwa redio na kamera mashimoni. Jike hatetemeki. Anaacha mayai shimoni, anatoka kuota jua hadi mwili wake unakaribia nyuzi 40, halafu anarudi na kuyazingira. Ngozi yake hata hugeuka nyeusi zaidi katika msimu huo, na weusi unashika jua vizuri. Kwa maneno mengine, anabeba jua kulipeleka chini ya ardhi, safari kwa safari, kama mtu anayechota maji kisimani. Na vifaranga vikishatoka, hukaa nao siku kadhaa, wakijilaza juu yake usiku kupata joto.

Kumbuka jambo hili, tutalihitaji mwishoni: yai haliwezi kuchagua joto lake, kwa hiyo mama ndiye anayechagua kwa niaba yake.

Swichi inayojizima yenyewe

Turudi kwa mafundi. Baada ya blanketi yakaja mabomba ya maji ya moto, teknolojia ile ile iliyokuwa ikipasha nyumba za vioo ambamo matajiri wa Ulaya walikuwa wakiotesha mimea ya nchi za joto. Unachoma makaa ya mawe, maji yanachemka, yanazunguka chini ya vizimba. Ni hatua kubwa, lakini angalia kasoro zake. Vizimba vyote vinapata karibu joto lile lile, nyoka wa jangwani na nyoka wa msituni. Na kidhibiti cha joto ni mtu mwenye koleo la makaa. Akisinzia usiku, nyoka wanapoa. Akizidisha, wanaungua.

Kilichokosekana ni swichi inayojizima yenyewe, na historia ya swichi hiyo ilianza kwa vifaranga vya kuku. Mapema katika karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alitengeneza tanuri la kuangulia mayai. Ndani yake kimiminika kilichopata joto kilikuwa kikipanuka, kikisukuma zebaki, na zebaki ikifunga tundu la hewa ili moto upungue. Joto likishuka, tundu linafunguka. Hakuna umeme, hakuna mtu, na bado mashine inajirekebisha. Hiyo ni mojawapo ya mashine za kwanza kabisa za kujiongoza zenyewe.

Mwaka 1830 Andrew Ure wa Uskochi alipata hataza ya kifaa alichokiita themostati, kilichotumia vipande viwili vya metali tofauti vilivyounganishwa mgongo kwa mgongo. Metali moja ikipanuka kuliko nyingine, kipande kinapinda, na kupinda huko kunaweza kuvuta valvu au kugusa waya. Kipande hicho cha metali mbili kimo hadi leo ndani ya pasi nyingi tunazopigia nguo.

Kisha mwalimu mmoja wa Wisconsin, Warren Johnson, alichoshwa na mfanyakazi aliyekuwa akiingia darasani kila saa kuangalia joto, halafu akateremka kwenye tanuri kurekebisha moto. Mwaka 1883 alipata hataza ya themostati ya umeme ya chumba. Tazama ujumbe unavyosafiri: chumba kinasema "nimepoa", waya unabeba habari, tanuri linajibu. Mtu ametolewa katikati. Kazi yangu na yako, ndugu msomaji unayeandika programu, ilizaliwa humo humo.

Mwaka 1927

Mwaka ule ule kiwanda cha Ramisi kilipoanzishwa, London ilifungua nyumba mpya ya nyoka na mijusi, na aliyeibuni alikuwa mwanamke wa miaka 29, Joan Procter.

Huyu dada alizaliwa mwaka 1897, akaugua sana tangu utotoni, na maradhi yalimzuia kwenda chuo kikuu. Aliwapenda nyoka na mijusi tangu mdogo, hata aliwahi kufuga mamba mchanga akiwa mwanafunzi. Alijifunza kazi kwa kumsaidia mtaalamu George Boulenger katika jumba la makumbusho la London, na mwaka 1923 akakabidhiwa wanyama hao wote wa bustani ya London.

Nyumba yake iliwageuza mawazo wenye bustani nyingine. Alitumia umeme, na kwa kuwa umeme unapita kwenye waya, aliweza kukipa kila kizimba joto lake. Vyumba vya wageni aliviacha na giza kidogo, mwanga ukawa ndani ya vizimba, ili mtu aone vizuri na nyoka asisumbuliwe. Aliweka vioo maalum vinavyopitisha miale ya jua ambayo kioo cha kawaida huizuia. Alijenga miamba na vidimbwi ili mnyama apate pa kupanda, pa kujificha na pa kuoga.

Procter alifariki mwaka 1931, akiwa na miaka 34 tu. Lakini alikuwa amegeuza swali. Badala ya kuuliza "tutaipasha vipi nyumba hii?", aliuliza "kila mnyama katokea wapi, na huko kwao anafanya nini?"

Nani anachagua?

Jibu la swali hilo lilikamilishwa jangwani California. Raymond Cowles, aliyezaliwa Natal, Afrika Kusini, na mwenzake Charles Bogert walichapisha mwaka 1944 utafiti wao juu ya mijusi na nyoka wa jangwani. Watu walidhani wanyama hao wanapenda jua kali bila mpaka. Cowles na Bogert waliwapima, wakakuta kwamba mnyama wa jangwani akizuiwa juani asipate kivuli hufa kwa muda mfupi, wakati yule aliyeachwa huru hutoka juani, huingia kivulini, hutoka tena, na mwili wake hukaa karibu na kiwango kimoja sehemu kubwa ya mchana.

Maana yake ni nini? Kwamba jina "damu baridi" lilitupoteza. Mnyama huyu anadhibiti joto lake kwa makini, ila anatumia miguu au tumbo badala ya tanuri la ndani. Ukimfungia mahali penye joto moja tu, hata liwe joto zuri, umemnyang'anya kidhibiti chake. Ni kama kumfunga mtu mikono halafu umwekee sahani ya pilau mbele.

Tangu hapo kizimba chema cha chatu kina pande mbili. Upande mmoja wa joto, kama nyuzi 31 au 32. Upande mwingine wa poa zaidi, kama 25 au 26. Mahali pa kujificha kila upande, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Na bakuli la maji ambalo anaenea. Ukiitazama orodha hiyo utaona mchanga wa juani, kivuli, shimo na mto. Ni Ramisi, imekunjwa ikaingia kwenye sanduku la mita mbili.

Afrika Mashariki nayo ina nchi za baridi

Usidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. C.J.P. Ionides, aliyeishi kusini mwa Tanganyika, Liwale na Newala, aliwakamata nyoka kwa maelfu na kuwapeleka kwenye bustani za wanyama na makumbusho ng'ambo hadi alipofariki mwaka 1968. Kila sanduku lililotoka kwake lilikuwa nyoka wa nchi ya joto anayekwenda kutegemea fundi wa umeme.

Nairobi yenyewe iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai unaweza kuteremka hadi nyuzi 11 au 12. Bustani ya nyoka ya makumbusho ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961. Msimamizi wake wa zamani, James Ashe, aliteremka pwani baadaye, na mwaka 1980 akaanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu. Hewa ya Watamu inafanana na yetu. Mfugaji wa nyoka akiwa pwani, nusu ya kazi yake inafanywa na bahari ya Hindi.

Sasa tuingie kwenye msimbo

Ufugaji wa chatu majumbani ulikua sana Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1970 na 1980. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayetoka Ghana, Togo na Benin, akawa maarufu kuliko wote. Vikaja vifaa vya kila aina: balbu, mikeka ya joto inayowekwa chini ya sanduku, vigae vya udongo vinavyotoa joto bila mwanga. Yakaja pia mawe bandia yenye waya wa joto ndani, na haya yaliwaunguza nyoka wengi matumboni. Nyoka ana kasoro moja ambayo mhandisi hawezi kuipuuza: hewa ya juu yake ikiwa baridi na tumbo likiwa juu ya kitu cha moto, mara nyingi haondoki hadi ameungua. Maelfu ya vizazi vyake walilala juu ya mawe yanayopoa jua linapozama. Jiwe linalozidi kupata moto usiku kucha hawakulijua.

Kwa hiyo kila hita inahitaji themostati. Ya kawaida kabisa ni mistari miwili:

kama joto < 30 basi washa hita
kama joto > 32 basi zima hita

Pengo kati ya 30 na 32 lina sababu. Ukiandika namba moja tu, swichi itawaka na kuzima kila sekunde chache hadi ichoke. Udhaifu wake ni kwamba hita ni ama moto kabisa ama imezimwa, na joto linapanda na kushuka kama wimbi.

Dawa ya wimbi hilo ilitoka baharini. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi, alichapisha hesabu za kuendesha meli bila mkono wa mtu, baada ya kuwatazama washika sukani wanavyofanya. Mshika sukani hodari haangalii tu chombo kimepotoka kiasi gani sasa. Anakumbuka kimepotoka kwa muda gani, na anahisi kinapotoka kwa kasi gani. Nahodha yeyote wa jahazi pale Funzi angemwambia hivyo bila hesabu! Themostati nzuri za leo zinatumia mawazo hayo: zinaipa hita nguvu kidogo kidogo, robo, nusu, kadiri inavyohitajika, na joto linatulia. Tangu Arduino ilipotokea Italia mwaka 2005, kijana yeyote mwenye kihisi, relei na subira anaweza kujitengenezea yake.

Lakini hapa pana hatari, na ndiyo sababu nimeandika makala haya. Relei ikigandia ikiwa imewaka, sanduku linapita nyuzi 40 wakati mwenye nyumba amelala. Kihisi kikianguka kutoka kwenye mkeka, kinapima hewa baridi ya sakafuni na kuiambia hita iendelee tu. Chatu wa porini angeingia shimoni. Wa kwenye sanduku hana shimo. Ana kona nyingine ya sanduku lile lile. Programu ya duka ikikosea utarudisha pesa. Hapa kosa linampika kiumbe. Wafugaji makini huweka themostati ya pili, iliyopangwa juu kidogo ya ile ya kwanza, ambayo kazi yake ni moja tu, kukata umeme. Umeme ukipotea wakati wa dhoruba, hurudi kwenye chupa za maji ya moto na, naam, blanketi, safari hii likifunika sanduku lenye joto ndani yake.

Na uhuru wa kuchagua peke yake hautoshi. Chatu wa Asia walioingia porini Florida, Marekani, walikuwa huru kabisa. Januari 2010 baridi kali ikapiga, na kati ya 10 waliokuwa wakifuatiliwa kwa redio, 9 walikufa. Baadhi yao walijaribu kuota jua kama walivyozoea, lakini hapakuwa na jua la kutosha. Kuchagua kunataka pawe na cha kuchagua.

Yai au chatu?

Leo vijana wengi pwani wana mashine za kuangulia vifaranga, na ndani yake kuna kibodi kidogo cha themostati cha bei nafuu. Ni mjukuu wa tanuri la Drebbel. Kwa mayai ya kuku kinatosha sana: nyuzi 37 na nusu, usiku na mchana, bila kuyumba. Yai linataka namba moja, maana yai haliendi popote.

Fundi akichukua kibodi hicho hicho akakipanga nyuzi 31 kwenye sanduku zima la chatu, kitafanya kazi bila kosa hata moja, na chatu ataugua. Msimbo ni sahihi. Swali ndilo lililokosewa.

Sisi waandishi wa programu tunapenda namba moja. Tunampangia mtumiaji ukubwa mmoja wa herufi, njia moja ya kulipa, lugha moja. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, jiulize: mtumiaji wangu ni yai au ni chatu? Kama ni yai, mpe namba sahihi na umlinde. Kama ni chatu, kazi yako ni kumwandalia jua na kivuli, kisha ujitoe njiani.

Na tafadhali, usitoke hapa ukaenda kumkamata chatu kwenye miwa umfuge. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kibali cha kufuga mnyama wa porini. Tena utampa nini? Mzungu wa Uswidi anatumia waya, vihisi na bili ya umeme ya mwaka mzima kumtengenezea mnyama wake kipande cha Ramisi. Wa kwetu anayo Ramisi yenyewe, na anatulipa kwa kula panya na ndezi. Akionekana karibu na banda la mbuzi, yajulishwe mamlaka ya wanyamapori, KWS, kabla ya panga kuinuliwa.

Haya, tumemaliza na nyoka. Tukikutana tena tutarudi kwenye hifadhidata, ambazo angalau hazimezi blanketi.